Salamu za Mtani

Ukitoka Gongoni kwa miguu asubuhi, kabla jua la Tabora halijaanza kuchoma, utafika Kwihara baada ya mwendo wa saa mbili hivi. Huko lipo tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akingojea wapagazi. Wageni huenda kulitazama kwa ajili yake na kwa ajili ya Henry Morton Stanley. Mimi nimelizuru mara nyingi, lakini kila nikifika huko hufikiria zaidi mkoba wa barua.

Mkoba huo ulikuwa umeandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870. Ulitumwa kwa Livingstone, naye wakati huo alikuwa upande wa Ujiji na nchi zilizo ng'ambo ya ziwa. Kwanza ukakwama Bagamoyo siku nyingi, wachukuzi wakiwa hawana haraka. Kisha ukakwama tena hapa kwetu Unyanyembe, kwa kuwa mwaka 1871 Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa. Stanley aliukuta hapa, akauchukua, akamkabidhi mwenyewe mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu uandikwe tarehe yake. Inaelezwa kwamba Livingstone aliupakata mkoba magotini, akasoma barua moja mbili za watoto wake, uso ukamchangamka, kisha akaziweka kando na kutaka kwanza habari za dunia. Krismasi ya mwaka ule waliila pamoja Ujiji, na mpishi aitwaye Ferajji akaiharibu karamu. Siku mbili baadaye wakaanza safari ya kuja Unyanyembe.

Nauelewa mno mkoba ule, kwa sababu mimi pia nimepata kuwa mtu aliyechelewesha salamu. Sikuwa na vita vya Mirambo vya kujitetea navyo.

Sisi watu wa Tabora tumezaliwa njia panda. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, na mji ukiitwa Kazeh, walikuta tayari ni mahali pa watu kukutana na kuagana. Msafara ulioingia haukuingia kimya. Kirangozi alitangulia na bendera, ngoma zikalia, bunduki zikafyatuliwa hewani ili wenyeji wajue kwamba wageni wamefika na waje kuwapokea. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, watu waliobeba pembe kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na waya. Njiani walipita katika nchi za watu wengi, wakalala kwao, wakala kwao, mara nyingine wakapigana nao. Katika kupita huko ndiko ulikozaliwa utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani hadi leo. Vijana wa siku hizi huudhani utani kuwa ni mizaha tu, yaani kutukanana bila kukasirika. Kumbe ulikuwa mkataba. Mtani akifika kwako na njaa, hula. Mtani akifiwa, wewe ndiwe unayekwenda kuchekesha waliao, kuosha vyombo, kushika kitu cha marehemu na kukataa kukitoa mpaka ulipwe chochote. Hakuna serikali iliyouandika, na watu wameutii kuliko sheria nyingi zilizoandikwa.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya mpagazi ilikwisha, lakini njia panda ilibaki. Watani wetu sasa walikuja kwa gari moshi. Ndivyo alivyokuja rafiki yangu.

Alikuwa Mzaramo wa Maneromango, Mlutheri, mtumishi wa reli. Mimi ni Mnyamwezi, Mwislamu, wakati ule nikiwa karani kijana. Jina lake sitalitaja, maana watoto wake wapo. Alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na siku ya kwanza aliposikia kabila langu alisema, "Kumbe nimehamia kwa watumwa wangu!" Nikamjibu kwamba chumba alichopanga ni zizi la babu yangu. Tangu siku hiyo tulikuwa ndugu.

Alikuja na sanduku la nguo, Biblia, na gitaa kavu, lile tuliloliita galatoni. Basi hapo nieleze kidogo gitaa lilikuwa nini katika mji huu. Tabora ilikuwa na bendi zake, na ilijivuna nazo kama miji mingine ilivyojivuna kwa timu za mpira. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilikuwa imekwisha kujulikana nchi nzima sisi tukiwa wadogo. Baadaye wakavuma Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz waliokuwa na mtindo wao wa Segere Matata. Shem Karenga alipoimba "Dada Asha" akiwa Tabora Jazz, wimbo ule ulipigwa mpaka Nairobi, na sisi wa Gongoni tukatembea mabega juu kana kwamba tuliutunga wenyewe. Watu waligawanyika: huyu ni wa Nyanyembe, huyu ni wa Tabora Jazz, na ndoa zilichelewa kwa mabishano hayo. (Natia chumvi, lakini si nyingi.)

Rafiki yangu hakuwa wa upande wowote. Yeye alipenda gitaa lenyewe, gitaa moja bila ngoma wala tarumbeta. Jioni alikaa barazani, akaulegeza uzi wa sita, ule mnene, mpaka sauti yake ikashuka na kuwa kama mtu anayesema kifuani, kisha akapiga kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada. Kidole kimoja kilitembea, kingine kikacheza. Ukifumba macho ulidhani wapigaji ni wawili. Alikuwa amejifunza kwa kusikiliza santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, naye Mwenda huyo tulimpenda kupita kiasi. Fundi cherehani wa mtaani, mtu mzima kuliko sisi, ndiye aliyekuwa na gramafoni na santuri zenyewe. Tukawa watatu: fundi, mtani na mimi.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu jambo ambalo laiti ningelijua wakati ule, tungelizungumza usiku kucha. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji mkuu wa Wayeke. Na hao Wayeke asili yao ni nini? Ni huku kwetu. Msiri, aliyejenga ufalme wa Garenganze katika karne ya 19, alitoka Unyamwezi, akafuata njia ya biashara ya shaba na pembe hadi Katanga, akatawala huko mpaka alipouawa na wazungu tarehe 20 Desemba 1891. Jina lake jingine lilikuwa Mwenda. Kwa hiyo santuri ile iliyotoka Katanga ilikuwa kama mjukuu anayerudi nyumbani kwa babu bila kujua njia, akiimba Kiswahili ambacho misafara ya babu zake ilisaidia kukifikisha huko. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, akarekodi wimbo wake "Masanga". Ndiyo santuri iliyochakaa kuliko zote katika sanduku la fundi.

Na kulegeza uzi kule, nimekuja kusikia kwamba wako watu mbali kabisa, visiwani Hawaii, walioufanya kuwa sanaa ya taifa lao. Wachungaji wa ng'ombe kutoka Mexico walifika huko katika miaka ya 1830 na magitaa yao. Wenyeji wakayachukua, wakalegeza nyuzi kwa kadiri masikio yao yalivyotaka, na kila ukoo ukaficha ulegezaji wake kama siri ya dawa. Gitaa la Kihawaii, hasa lile la kutelezesha chuma juu ya nyuzi, lilienea duniani kwa santuri baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915. Hata Kongo alikuwako mpigaji hodari, Zacharie Elenga, aliyejulikana kwa jina la Jhimmy, ambaye upigaji wake uliitwa wa Kihawaii. Mtani wangu hakuijua Hawaii. Alilegeza uzi kwa sababu, alisema, uzi uliokazwa sana ni kama mke wa Kinyamwezi: kila ukimgusa anapiga kelele.

Sasa nije kwenye kadi. Enzi zile redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na vipindi vya salamu vilisikilizwa na kila nyumba yenye betri. Ulijaza kadi: jina lako na mahali ulipo, majina ya uwasalimuo, wimbo uutakao, na chini kabisa ujumbe. Ujumbe ndio uliokuwa fahari ya mtu. Wengine waliutafuta wiki nzima. Kisha ukaingoja kadi yako isomwe, huna hakika kama ni leo, wiki ijayo au kamwe. Sikukuu zilipokaribia, kadi zilifurika.

Sisi watatu tulikuwa na kanuni yetu. Idi ikikaribia, mtani ndiye aliyetuandikia fundi na mimi. Krismasi ikikaribia, fundi na mimi tukamwandikia yeye. Mwislamu hakuomba wimbo kwa Idi yake mwenyewe, wala Mkristo kwa Krismasi yake. Na wimbo ulikuwa lazima uwe na gitaa ambalo mwenzako angelisikiliza mpaka mwisho. Wazee wetu walitumia kurasa za Mambo Leo, tangu mwaka 1923, kusalimiana na kujibizana kwa mashairi. Sisi tulitumia hewa.

Katika mwaka 1974 nikaharibu.

Nilitaka redio. Tulikuwa tukisikiliza ya fundi, nami niliona nimekua, nina mshahara, nastahili yangu. Palikuwa na redio ya Philips dukani, nami nilipungukiwa fedha. Mtani alikuwa amesafiri kikazi na ufunguo wa chumba chake aliniachia mimi, kama ilivyokuwa desturi. Nikaingia, nikalitoa gitaa, nikaliweka rehani kwa mwenye duka mmoja. Moyoni nilijiambia: huyu ni mtani wangu, kitu cha mtani ni halali, mshahara ukitoka nitalikomboa kabla hajarudi. Mshahara ulitoka, ukawa na kazi nyingine. Nilipokwenda kulikomboa, gitaa lilikuwa limeuzwa kwa msafiri wa gari la Mwanza.

Mtani aliporudi nilimweleza kwa mzaha, nikidhani utani utanibeba. Nilisema, "Mzaramo, punda wako amepanda gari moshi." Hakucheka. Alikaa kitandani akatazama msumari ukutani alipokuwa akilitundika. Kisha akaniambia neno moja tu: "Mtani huchukua mbele ya macho." Ndiyo kweli ilivyo. Mtani hushika kitu chako hadharani, watu wakishuhudia, ili ulipe na watu wacheke. Anayechukua mlango ukiwa umefungwa ana jina lingine, na jina hilo hakulitamka.

Hatukugombana kwa sauti. Tulisalimiana njiani kama watu wa ofisi. Krismasi ya mwaka ule fundi alijaza kadi peke yake; mimi nilikuwa na kadi mfukoni, nikaona haya kuiandika. Nikaona pia kiburi, nisijisafishe. Nilifikiri, mbona mtu anaweza kukasirikia mbao na waya? Mwaka uliofuata akahamishiwa Mpanda, mwisho wa tawi la reli linaloanzia Kaliua. Hakuaga. Au tuseme aliaga nyumba zote ila yetu, na mama yangu alilia kwa jambo hilo.

Redio niliipata, nayo ilikuwa nzuri. Niliichukia baada ya miezi miwili.

Idi ya mwaka 1977 iliangukia Septemba. Siku ya Idi Pili nilikwenda Sikonge kumpa shangazi mkono wa Idi, na redio nikaiacha nyumbani. Niliporudi kesho yake, kijana wa kituo cha mabasi, ambaye simjui hata leo, akaniita kwa jina na kuniambia, "Salamu zako tumezisikia, kaka." Sikumwelewa. Mama muuza maandazi akasema hivyo hivyo. Mzee mmoja wa msikitini akanishika mkono akanipongeza kwa kuwa na rafiki. Nilipofika Gongoni mtaa mzima ulikuwa ukinisubiri, fundi mbele. Kadi ilikuwa imesomwa: kutoka Mpanda, kwa fundi wangu na kwa mtani wangu wa Gongoni, na jina langu lote, la baba na la babu. Wimbo ulikuwa "Dada Asha". Na ujumbe, kama fundi alivyonikariria, ulisema kwamba Mnyamwezi akichoka kubeba, aje Mpanda atuliwe mzigo.

Mimi mwenyewe sikuisikia. Dunia yote iliisikia ila mimi.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Lau angeniandikia barua, ningeweza kuichana, au kuiweka mtungini na kujifanya haikufika. Salamu za redioni huwezi kuzificha. Zimekwisha kufika kwa kila mtu, na kila mtu ni shahidi wako au shahidi dhidi yako. Naye alijua hivyo. Mtani wangu alikuwa amefanya mbele ya macho kile nilichokwepa kukifanya mbele ya macho.

Ungedhani nilipanda gari wiki ile ile. La. Ilinichukua mwaka na zaidi. Nilitaka kwanza nipate gitaa la kumpelekea, na magitaa yalikuwa adimu. Hatimaye niliiuza ile redio, nikanunua galatoni kuukuu kutoka kwa mpigaji mmoja aliyekuwa akiacha muziki. Desemba 1978, nchi ikiwa katika vita na Idi Amin na treni zikiwa hazina ratiba ya kuaminika, niliondoka Tabora na gitaa limefungwa kwa khanga ya mama. Kaliua tulilala kituoni. Mpanda nilifika jioni ya siku mbili kabla ya Krismasi, nikiwa na vumbi la kutosha kujenga tembe.

Nilimkuta mlangoni. Hakuniuliza habari za nyumbani wala safari. Alilitazama lile gitaa, akaingia ndani, akatoka na jingine: alikuwa amejitengenezea mwenyewe, ubao wa sanduku, na nyuzi ni waya za breki za baiskeli. Akasema, "Mwenzako hakukungoja." Kisha akanipokea galatoni, akalegeza uzi wa sita, na mkewe ambaye sikuwa hata nimemjua akatoka jikoni kutazama mgeni gani huyu anayelia barazani mwake.

Tangu hapo kadi hazikukatika tena. Fundi alifariki katika miaka ya themanini; tukaendelea wawili. Zikaja redio nyingine tangu mwaka 1994, watu wakaanza kupiga simu badala ya kuandika, na vilabu vya wapenzi wa salamu vikaota kila mji, watu wakijulikana kwa majina ya redioni kuliko ya kwao. Mwaka 1993 wanamuziki wazee walipokusanyika Dar es Salaam kuunda Shikamoo Jazz, Salum Zahoro akiwamo, mtani aliniandikia barua ndefu ya furaha, ya kwanza ndefu maishani mwake, akieleza jinsi gitaa la Tabora lilivyofufuka.

Alistaafu akarudi kwao Maneromango, na huko akafariki, baada ya kuugua muda mfupi. Nilipopata habari, nilipanda treni kwenda pwani, njia ile ile ya babu zangu. Nilichelewa maziko nikawahi matanga. Wazaramo waliponiona na kujua mimi ni nani, vilio vikapungua, maana walijua kinachokuja. Nikaingia ndani mbele ya macho ya wote, nikaitundua galatoni ukutani, nikatangaza kwamba marehemu alikuwa mtumwa wangu aliyetoroka Tabora na deni, na gitaa hili ni dhamana mpaka ukoo ulipe. Shangazi yake akanirushia sarafu. Nikakataa, nikasema ni kidogo. Wakacheka, kisha wakalia tena, kisha wakacheka. Watu walichanga, wakapandisha, nami nikakataa kila kiwango. Mwishowe binti yake mkubwa akasema, "Mwacheni nalo baba mtani. Atalileta mwenyewe."

Lipo hapa Gongoni, limetundikwa chumbani kwangu, uzi wa sita umelegezwa kama alivyouacha. Vidole vyangu vina baridi yabisi, sipigi. Kila Idi, mapema kabla sijarudi kuswali, simu yangu hulia. Huwa ni ujumbe wa yule binti, ambaye sasa naye ni bibi: Idi Mubaraka, baba mtani, gitaa letu lini? Nami Krismasi ikifika humwandikia: Heri ya Krismasi, Mzaramo. Deni bado.